Barua kwa wazazi: Hisabati ya watoto wetu muhula huu

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Moshi.

Ndugu wazazi na walezi,

Muhula tunaufunga salama, na ripoti mtaletewa na watoto wenyewe. Najua wengi mtakimbilia alama ya Hisabati. Safari hii naomba mfungue na daftari.

Wiki ya mitihani nilikaa na walimu wa Darasa la Nne tukisahihisha. Fumbo lilikuwa hili: mama amepeleka mikungu 6 ya ndizi soko la Mbuyuni, kila mkungu ameuza shilingi 8,000, nauli imekula shilingi 3,000, amebaki na shilingi ngapi? Mtoto mmoja aliandika 11,006. Kumbe alijumlisha namba zote tatu, tena bila kosa hata moja. Kujumlisha anajua. Alichokosa ni kuisoma habari na kuona fedha zinaingia wapi na kutoka wapi. Kumrundikia maswali mengine ya kujumlisha ni kumchosha bure, na fimbo ndiyo kabisa haisaidii.

Mwingine hakuandika kitu. Nikamwita, nikamsomea fumbo lile lile polepole. Akatazama dari kidogo, akajibu: "Elfu arobaini na tano." Kwao wanauza ndizi. Huyu hesabu anazo, kinachomkwamisha ni kusoma, na hilo ni deni letu sisi walimu tangu madarasa ya chini. Muhula ujao atasoma na mwalimu kila asubuhi kabla ya vipindi, yeye na wenzake wa aina hiyo.

Wapo pia wanaomaliza mapema wakabaki kupiga soga. Hao tuliwasahau. Sasa watatunga mafumbo yao au watafute njia ya pili. Binti mmoja aliulizwa 25 × 16, akasema 25 mara 4 ni 100, mara 4 tena ni 400. Kalamu hakuigusa.

Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne uko mbele yetu, lakini sitaki watoto wakaririshwe maswali ya miaka iliyopita.

Likizo hii mtumeni dukani, chenji aihesabu mwenyewe. Akikosea msimpe jibu, mwulizeni amefikaje hapo, na mwacheni aeleze hata kwa Kichaga. Tafadhali msimlinganishe na mtoto wa jirani.

Siku ya kikao cha wazazi walimu wa Hisabati watakuwepo. Kila mzazi aje na daftari la mwanawe.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu