Sinema Zinazosimulika

Umoja, Nairobi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu umfikishie mama. Sisi huku tuko salama, ila mvua imetushika na stima inapotea karibu kila jioni. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukutumia zile sauti ndefu ndefu unazolalamikia.

Orodha yako ya sinema kumi nimeisoma. Nyingine nimeziunga mkono, nyingine nimezicheka, na moja imenitia hasira, hiyo nitaifikia. Ukasema nami nikutumie zangu kumi, nizipange kuanzia ya kwanza hadi ya mkia. Hapo umenishinda. Mimi sijui kupanga sinema kwa nambari kama wanafunzi wakifunga shule. Nina kipimo kimoja tu: je, naweza kumsimulia mtu ambaye hajaiona, akaacha alichokuwa akifanya anisikilize?

Kipimo hiki nilikiokota mferejini, pale kwenye bomba la kufulia. Ninyi Mombasa mlikuwa mkiingia ukumbini mkaketi. Sisi kwenye ploti yetu aliyekuwa akienda kuona picha ni kijana mmoja wa chumba cha mwisho. Jumamosi alibeba mizigo sokoni, akilipwa anapitia kwenye kibanda cha video, na Jumapili asubuhi, makarai yakiwa yamejaa nguo na povu, anatusimulia. Sisi tusio na shilingi za kiingilio tulizijua picha zote za mwaka huo bila kuona hata moja.

Ya kwanza ninayoikumbuka ni Sholay. Yeye hakuijua jina, aliiita tu “ile ya Gabbar”. Wewe umeiweka nambari nne, eti kwa sababu ya nyimbo. Nyimbo! Mimi niliisikia mferejini bila wimbo hata mmoja, na nikalia.

Alikuwa akiisimulia hivi. Kuna mzee anaitwa Thakur, zamani alikuwa polisi. Amewachukua wahuni wawili, Jai na Veeru, wamkamatie jambazi Gabbar Singh, tena akiwa hai. Siku ya sikukuu watu wanarushiana rangi, wanacheza, mara Gabbar na genge lake wanavamia kijiji. Jai na Veeru wanabanwa. Bunduki imeanguka chini, iko miguuni pa Thakur kabisa. Ainame tu, awarushie. Hainami. Amejifunika shali yake, anatazama. Hapo kijana wetu ananyamaza, anasuuza shati, analikamua, analianika, ndipo anarudi. Tulitamani kumpiga! Basi wale wawili wakinusurika wanamjia Thakur juu: mbona ulituacha tufe? Naye anawaeleza alichofanyiwa na Gabbar miaka ya nyuma, na shali inamdondoka mabegani, na mikono haipo. Yote miwili.

Nilipokuja kuiona yenyewe nikiwa mtu mzima, niliona kijana wa watu hakuwa ameongeza chumvi. Ramesh Sippy aliitoa 1975, ina zaidi ya saa tatu, na kule Bombay ilikaa kwenye ukumbi wa Minerva miaka mitano. Lakini kuna mambo aliyoyaruka. Hakutuambia habari za Radha, yule mjane wa sari nyeupe, akizima taa moja baada ya nyingine usiku, na Jai ameketi ng'ambo anapuliza kinanda chake cha mdomo, hawasemezani neno. Wala hakutuambia habari ya sarafu. Jai kila wakiwa na jambo la kuamua anarusha sarafu, na Veeru anakubali kwa kuwa bahati haina ubishi. Jai akishakufa ndipo Veeru anaigeuza na kuona pande zote mbili ni sawa. Kumbe mwenzake alikuwa akijichagulia mwenyewe, hata mara ile ya mwisho alipobaki nyuma afe yeye. Sasa niambie, katika zile tisa nyingine zako, ni ipi iliyoutia urafiki mzima ndani ya kitu kinachoenea kiganjani? Ule wimbo wao wa kwenye pikipiki ni mtamu, sikatai, lakini mimi niachie sarafu.

Kisha akaja DJ Afro, yule anayesimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, na ile kazi ya mferejini ikapata spika. Najua humpendi. Unasema anaharibu picha za watu kwa kuzipigia kelele juu, kwamba akta anasema maneno matatu na yeye anasema thelathini, halafu anawapachika wahusika tabia za watu wa Eastlands. Hayo yote ni kweli, na ndiyo ninayoyapenda. Picha ya Kichina inaingia kwake ikiwa na maandishi madogo ambayo nusu ya ukumbi hawawezi kuyafuata, inatoka ikiwa na mjomba mlevi, shemeji mwenye wivu na konda anayekataa kurudisha chenji. Mtu aliyeketi kwenye benchi la mbao, amelipa hela zake, anahitaji nani amweleze kinachoendelea? Na kumbuka majumba makubwa yalivyokwisha mjini. Odeon, Globe, Bellevue, Drive-In: majina haya tunayataja kila siku kwa makanga tukitaka kushushwa, na wengi wanaoshuka hapo hawajui kwamba zilikuwa sinema.

Ukishamwelewa DJ Afro, utaelewa kwa nini Nairobi Half Life ndiyo naiweka mbele ya zote za nyumbani. Hiyo mmebishana nayo sana huko, umesema, na wenzako wanaona inalichafua jiji. Angalia inavyoanza. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza diski za sinema, na anaziuza kwa kuziigiza: anapigana peke yake, anakufa, anafufuka, watu wanacheka, ananunuliwa. Nilipoona hivyo nilikaa wima. Huyo ni kijana wa ploti yetu! Ameingia kwenye sinema mwenyewe, na ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anakuja Nairobi, ananyang'anywa kila kitu siku ile ile aliyoshuka, anaishia seli, na humo seli ndimo anamokutana na Oti. Tangu hapo maisha yake yanakuwa mawili: mchana yuko kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani, usiku yuko na genge linalofungua vipuri vya magari ya watu, na baadaye magari yenyewe.

Sikatai kwamba ina damu. Ila David Tosh Gitonga, aliyeiongoza, hakuitia damu ili tupige makofi. Tazama polisi wake walivyo, kisha uniambie nani anayelichafua jiji. Na sikiliza wanavyoongea: Kiswahili, Sheng na Kikuyu ndani ya sentensi moja, bila mtu kusimama kutueleza. Ilitoka 2012, ikawa ya kwanza Kenya kuipeleka kwenye mashindano ya Oscar, na Joseph Wairimu akarudi na tuzo ya mwigizaji bora kutoka tamasha la Durban. Olwenya Maina, aliyekuwa Oti, alitutoka 2022, Mungu amrehemu. Siwezi kumtazama sasa bila kusimamisha picha kidogo. Yule jamaa alikuwa anaweza kukutisha na kukuonea huruma kwa jicho lile lile.

Unalalamika kwamba mwisho wake umeharakishwa. Mimi naona umeishia pale pale ulipopaswa. Wenzake wamekwisha, na yeye anapanda jukwaani akiwa na maumivu yake, mbele ya watu waliolipa kiingilio na hawajui ametoka wapi saa hiyo. Ulitaka nini zaidi, harusi?

Supa Modo hukuitaja popote, na hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu wewe ndiye mwenye machozi ya karibu. Ni ya Likarion Wainaina, ya 2018, na haifiki hata saa moja na nusu. Jo ana umri wa miaka tisa, anaugua ugonjwa ambao hautapona, na mama yake anamtoa hospitali amrudishe nyumbani kijijini siku zake zilizobaki. Mtoto mwenyewe hana habari na huruma za watu. Anawaza Jackie Chan na Bruce Lee, na anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anamfanya aamini kwamba nguvu hizo anazo. Kisha kijiji kizima kinaingizwa kwenye njama: mtoto anaamuru watu wasimame, na wanasimama, kila mtu na alichoshika mkononi. Mama peke yake ndiye hataki, na huwezi kumlaumu. Anahesabu siku za mwanawe na watu wanamletea mchezo.

Humo ndani kuna Mike, mwenye kuonyesha sinema pale kijijini. Umeona sasa? Mwas anauza picha kwa mdomo na mwili, Mike anawaonyesha majirani zake picha za mapigano, na mwisho kijiji chenyewe kinatengeneza sinema yake ili Jo awe akta. Watu wasio na chochote wanaazima kamera, wanajishonea mavazi. Nimeshawasimulia hiyo wanawake wa chama chetu, na mwekahazina aliacha kuhesabu pesa.

Sinema iitwayo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, nitaipita haraka kwa kuwa tuliizungumza sana ule mwaka: ilipigwa marufuku hapa, mahakama ikaifungulia mlango siku saba mnamo Septemba 2018, na foleni zikawa za kukanyagana. Nilipenda rangi zake kuliko hadithi yake. Sarafina! nayo naiacha, sote tuliiona shuleni na sote tulitoka tukiimba. Tsotsi ya Afrika Kusini tunakubaliana, hakuna la kubishania.

Sasa tuje kwenye hiyo nambari moja yako. Out of Africa! Wewe, mtoto wa Majengo! Najua ilichukua Oscar saba. Najua Meryl Streep anajua kazi yake, na muziki wa John Barry hata mimi ukipigwa naacha sufuria iungue. Ile ndege ndogo ikipita juu ya ziwa na flamingo wakitawanyika chini, ni nani asiyependa? Nimewahi kwenda kuiona nyumba ya mwenye hadithi hiyo, Karen Blixen, kule Karen, ni jumba la makumbusho sasa, lina bustani nzuri na vilima vya Ngong unaviona vizuri ukibahatika na anga.

Lakini jaribu kuisimulia. Fanya hivyo leo, msimulie mama akichagua mchele. Utaanza: kuna mwanamke kutoka Denmark, ana shamba la kahawa, mume wake hatulii nyumbani, akapenda mwindaji. Mama atakuuliza, na waliokuwa wakichuma hiyo kahawa? Hapo utakwama, kwa sababu hata Sydney Pollack hakukuachia kitu cha kumjibu. Malick Bowens, yule Mmali aliyeigiza Farah, ana uso unaoweza kubeba sinema peke yake, na kazi aliyopewa ni kusimama mlangoni akisubiri kuambiwa. Kamante anapika na kuumwa mguu. Basi. Nairobi imekuwa pazia la nyuma. Ningekuwa na uwezo ningeomba picha hiyo hiyo, shamba lile lile, kamera ihamie jikoni tu.

Najua utanirudishia kipimo changu kwa upande wa pili, kwa hiyo acha nikuwahi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Hiyo naipenda, na haisimuliki hata kidogo. Nimejaribu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi inasimulika vizuri, tulivyoisoma unajua mambo yalivyo mengi: Yasmin kuozwa mzee, kumkimbia, Denge na wenzake na siasa zao dhidi ya Waingereza, Unguja ya miaka ya hamsini. Shivji amechukua hayo yote akapunguza maneno. Amebakiza kuta zilizobabuka chokaa, jasho, mtu akipita kwenye kichochoro na mwanga umemkata nusu. Mtu akiniuliza “inahusu nini?” namjibu “wee nenda kaone tu”, na najisikia mjinga. Ndiyo pekee ninayoivumilia kwa hali hiyo. Ukipata nyingine ya aina hiyo niambie, pengine kipimo kitahitaji kutobolewa tundu.

Hizo zangu hazifiki kumi na sitaki kujaziliza. Kitu ninachokuomba ni kimoja: itafute Supa Modo, uitazame na mama, na uniandikie alichosema yeye, si wewe. Yako naijua, utalia kisha useme sauti haikurekodiwa vizuri.

Ukija Desemba tutapanda pale Kilimani kwenye sinema ya juu ya paa, nguo nzito ubebe kwa sababu baridi yetu unaijua. Na ile flashi yangu uirudishe, bila kuijaza tamthilia za Kifilipino.

Wako wa siku zote,
Mwenzako wa Umoja