Kodi mnaitilia shaka, na bondi je?

Mhariri,

Tangu ule Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kutuongezea kodi hapa Kenya, uanguke, hapa maskani kwetu Likoni hakuna mjadala unaonoga kama huu wa "kodi ni wizi". Na siku hizi umetiwa chachandu, ati pesa zenyewe ni makaratasi tu, Benki Kuu inachapisha inavyotaka, sasa KRA, hawa watoza kodi wa serikali, wanatukamulia nini? Vijana wanaongea kwa hasira na mimi siwalaumu hata kidogo, maana ukitoa elfu moja kwa ajenti wa mpesa unakatwa 29, ndani ya hizo 29 serikali nayo imo na ushuru wake wa 15%, halafu mswada ule ukataka iwe 20%, na mkate nao utiwe VAT ya 16%. Mtu asipouliza hapo atauliza lini.

Ila naona shaka yetu tumeipeleka siko. Kodi angalau ina mlango, Katiba kifungu cha 210 chasema wazi hutozwi kodi bila sheria kupitishwa, ndio maana tarehe 25 Juni watu walijua pa kwenda, waliandamana hadi Bungeni, na kesho yake Rais akasema hatii sahihi. Wako waliopoteza roho siku ile, Mungu awarehemu. Sawa, Disemba baadhi ya mambo yalirudi kwa sheria nyingine, lakini hata hayo tuliyaona yakipita.

Sasa njoo kwa pesa. Pesa nyingi tunazotumia hazijachapishwa na mtu. Ukienda benki ukapewa mkopo wa laki tano, usidhani mhasibu ameingia kwa akaunti ya mzee fulani akazitoa huko akakupa wewe. Anaandika laki tano kwa akaunti yako, na upande wa pili anaandika kwamba unadaiwa laki tano, basi, pesa mpya imezaliwa. Si mimi nasema, Benki Kuu ya Uingereza yenyewe ilieleza hivyo mwaka 2014 bila kuficha. Si kwamba hakuna breki, kuna mtaji ambao benki lazima iwe nao, kuna riba ya Benki Kuu na masharti yake mengine, lakini huyo anayeandika ni benki ya biashara na hakuna raia aliyeulizwa.

Na wale wanaosema serikali nayo ijichapishie tu kodi zifutwe, waulize wazee kuhusu uchaguzi wa 1992. Pesa zilimwagwa mpaka noti ya mia tano ikaitwa jirongo, jina la mwanasiasa wa kampeni ile, Cyrus Jirongo, na 1993 bei za vitu zikapanda kwa zaidi ya 40%. Hiyo nayo ni kodi, tena haipiti Bungeni, inakukuta dukani. Ndio maana sheria inaibana Benki Kuu isiikopeshe serikali zaidi ya 5% ya mapato yaliyokaguliwa.

Kwa hivyo serikali inakopa kwingine, na hapa ndipo nilitaka kufika. Februari 2024, miezi minne tu kabla ya maandamano, iliuza bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, yaani hati ya mkopo, unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Ilitaka bilioni 70, ikaletewa ofa za zaidi ya bilioni 280, ikabeba kama 240, kwa riba ya 18.46% kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Haikatwi! Mwenye milioni mia aliyeziweka pale analetewa zaidi ya milioni 18 kwa mwaka safi, amekaa kitako, na mwenye duka hapa Likoni akivusha mauzo ya milioni moja kwa mwaka anatozwa 3% ya mauzo, apate faida asipate. Najua pensheni zetu nazo zimo kwenye bondi, na najua shilingi wakati ule ilikuwa taabani, dola ilifika 160 na deni la Eurobond, lile la dola tulilokopa nje, lilikuwa mlangoni. Lakini hiyo riba italipwa na nani kama si huyo mwenye duka na yule wa mkate? Mswada ulikuwa unatafuta bilioni 346 na sote tulipiga kelele. Bondi ilipita kimya, mimi sikusikia hata boda mmoja akiitaja.

Ombi langu kwenu ni dogo. Gazeti lenu linatoa kurasa nzima kila Juni kueleza kodi mpya, vizuri. Mnada wa bili za hazina, ile mikopo ya serikali ya muda mfupi, huwa kila Alhamisi na matokeo Benki Kuu huyatoa yenyewe, na ya bondi vilevile, hakuna siri. Yachapeni Ijumaa, serikali imekopa ngapi, kwa riba gani, kwa miaka mingapi, tena kwa Kiswahili cha maskani si kile cha wahasibu.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa