Mwanangu, ni kweli umeanza kukimbia?

Lubumbashi, 12 Oktoba 2025

Mama yangu,

Salamu kwanza. Baba yako anakusalimu, wadogo zako wanakusalimu, majirani pia. Sasa tuziache. Jana mama mdogo wako alinipigia simu toka Kinshasa, akazunguka weee na bei ya samaki, mwisho akatoboa: amekuona alfajiri, tena si mara moja, unakimbia kando ya barabara na ile fulana ya njano. Nikamwambia labda amekufananisha. Akacheka. Kama kuna msichana mwingine Kinshasa mwenye mwendo huo wa mabega, basi nilizaa mapacha bila kujua.

Kwa hiyo nauliza, na utanijibu kwa maandishi, si kwa vile vijumbe vya sauti unavyotuma huku unacheka: ni kweli umeanza kukimbia?

Majuzi tu nilikuuliza goti linaendeleaje, ukasema "niko sawa, mama". Hiyo "niko sawa" yako naijua tangu ukiwa mdogo. Sina haja ya kukukumbusha ile ya mkono.

Habari ya mechi yenu ya mpira ya mwisho wa Novemba nimeipata, na kwamba kuna watu watakuja kuchagua wachezaji. Basi tuhesabu. Umepasuliwa goti katikati ya Mei. Daktari alisema miezi tisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kisu. Toka Mei, miezi tisa inatufikisha Februari. Novemba ni mwezi wa sita. Mimi ni mtu wa cherehani, nguo ikipungua vidole vitatu haivaliki hata uvute pumzi namna gani.

Daktari alinipa dakika zake kwenye simu siku ile, nikaandika yote nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Kano iliyokatika haikuweza kuungana tena, wakachukua nyingine nyuma ya paja lako wakaipitisha ndani ya mfupa. Hiyo kano inafika pale haina damu. Mwili unaijaza mishipa pole pole, na katika kipindi hicho inalegea kwanza, ndipo ianze kukaza. Uvimbe unaondoka, maumivu yanaondoka, mtu anajiona amepona, kumbe ndani bado. Ni kama ule ukuta wa uani wa baba yako: juu saruji ilikauka kesho yake, keshokutwa akaegemeza mbao, unajua kilichofuata.

Halafu kuna huyo kocha wako. Mama mdogo wako anasema kocha amesema utacheza "ukijisikia". Ukijisikia! Wewe ungejisikia hata ukiwa umefungwa plasta mpaka kiunoni. Hao wa klabu yako ndio walioahidi nusu ya gharama ya upasuaji, tukaona robo, na robo yenyewe tumeifuata kwa simu hadi aibu. Siwataji. Ila mtu ambaye hakulipia goti asikupangie siku ya kulitumia.

Mdogo wako, yule mwenye kupenda simu kuliko daftari, nimempa kazi ya kutafuta habari za magoti ya wachezaji wanawake. Kwa hiyo kazi hakulalamika. Amenisomea kwamba wasichana wanakatika kano hiyo kuliko wavulana, jambo ambalo hakuna aliyetuambia ulipoanza. Na amenisomea utafiti wa mwaka 2016, uliofanywa Oslo ya Norwe na Delaware kule Marekani, juu ya watu waliopasuliwa goti kama wewe. Kila mwezi mmoja waliochelewa kurudi mchezoni, hadi kufika wa tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Kila mwezi, mama. Baada ya wa tisa haikuwa na tofauti kubwa tena. Kwa hiyo sikuombi mwaka mzima wala sikuombi uache mpira. Naomba Februari.

Tena huyo Megan Rapinoe, mchezaji wa Marekani uliyembandika ukutani (bado yupo, sijamtoa, ingawa chokaa inamponyoka), unajua habari yake au unajua nywele tu? Aliumia goti la kushoto mwaka 2006. Mwaka 2007 goti lilelile likakatika tena. Kombe la Dunia la 2007 likampita, Olimpiki ya 2008 ikampita. Wewe unamjua wa 2019, aliyetoka Ufaransa na kombe, na kiatu cha dhahabu, na mpira wa dhahabu. Mimi nimekaa nikimfikiria wa 2007, na mama yake siku alipopigiwa simu ya pili.

Alexia Putellas wa Barcelona goti lake lilikatika Julai 2022, siku moja kabla ya kombe la Ulaya kuanza. Hebu fikiria uchungu huo. Akarudi mwisho wa Aprili 2023, hesabu mwenyewe ni miezi mingapi, na Agosti akawa bingwa wa dunia na Hispania. Na yule Mnorwe, Ada Hegerberg, mwanamke wa kwanza kupewa Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora wa dunia, aliumia Januari 2020 na hakuonekana uwanjani mpaka Oktoba 2021. Watu walisema amekwisha. Mei 2022 akafunga bao kwenye fainali ya klabu za Ulaya, Lyon wakawapiga Barcelona 3-1. Mdogo wako alinionyesha hilo bao. Nililitazama nikatazama tena, si kwa ajili ya bao, nilikuwa naangalia anavyotua kwa mguu.

Najua utaniambia nini. Utaniambia mchezaji hakati tamaa. Neno hilo umelipata kwangu, usifikiri limetoka kwa kocha. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema katika nyumba hii kwamba mwanamke halali kitandani mchana, na nikawaamsha na homa zenu. Basi neno hilo liweke pembeni mpaka Februari. Lala mchana. Nikipiga simu saa nane nikasikia sauti ya usingizi, nitafurahi.

Na wewe, mtoto wa Lubumbashi, unashindwaje kungoja? Wasichana wa Mazembe, klabu yetu ya hapa, walikwenda kombe la klabu bingwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2022, wakatoka hatua ya makundi. Mwaka 2023 hawakufika kabisa. Walikaa hapa hapa, tukawa tunawaona wakienda mazoezini kama watu wasio na kombe lolote la kungojea. Novemba 2024 wakachukua ubingwa kule El Jadida, 1-0, mbele ya AS FAR walio nyumbani kwao Morocco, na kocha wao Lamia Boumehdi naye ni Mmorocco. Usiku huo siusimulii, ulikuwepo, sauti yako ilipotea siku nzima. Shirikisho la mpira la Afrika likamtaja Boumehdi kuwa kocha bora wa wanawake wa mwaka. Mpaka leo nikimwona huyo mama kwenye picha nakaa wima.

Hata timu ya taifa. Mwaka 1998 tulikuwa wa tatu Afrika, wewe hujazaliwa. Baada ya kombe la 2012 hatukurudi mpaka Julai hii iliyopita. Miaka 13! Na walipofika walifungwa mechi zote tatu, Senegal, Morocco, Zambia. Ulinipigia ukilia, magongo yako chini ya kitanda, ukasema ungekuwa uwanjani ungefanya hiki na hiki. Labda. Watu wanangoja miaka 13 ili wafungwe mechi tatu, wewe miezi minne inakushinda?

Nisikuudhi tu, nikueleze na hili. Siku hizi kaptura za wasichana ndizo zinazonilisha. Mama wa nyumba ya pembeni, yule aliyeniambia miguu yako itakuwa kama ya mwanaume na mchumba hutapata, ameniletea kaptura ya binti yake niibadilishe lastiki. Nikamtoza bei ya kawaida, nilijizuia. Anataka kujua Mazembe wanapokea watoto kuanzia miaka mingapi. Jioni wasichana wa avenyu yetu wanacheza pale wanapocheza wavulana, na wavulana wanangoja zamu. Wananiuliza dada anarudi lini uwanjani, nawaambia Februari. Nimekwisha kuwaambia Februari, sasa usinifanye mwongo mbele ya watoto.

Nilikuwa nataka kusema jambo jingine, limenitoka. Ah, pesa. Pesa za mtaalamu wa mazoezi, huyo kine wenu, nimezituma kwa mama mdogo wako, si kwako, na sababu unaijua: viatu. Atamlipa yeye mwenyewe kila ukimaliza zamu. Mwulize huyo kine mguu ulioumia una nguvu kiasi gani ukipimwa na mwenzake, na jibu lake uniandikie. Akikuambia kimbia kidogo kwenye nyasi mbele yake, kimbia mbele yake. Barabarani alfajiri peke yako, kwenye mashimo na motoka bila taa, hapana. Hapo sizungumzi goti tu.

Baba yako anasema urudi uandikishwe chuo kikuu, mpira utakuja baadaye. Nimemwambia anyamaze. Usimwambie nimekuambia. Lakini ukivunja goti tena Novemba, sitakuwa na la kumjibu, na yeye anajua kusubiri siku yake.

Hapa mvua ziko mlangoni. Mabati mawili ya jikoni yamekwisha kutu, fundi ametaja bei ya kututania, kwa hiyo baba yako atapanda mwenyewe, na mimi nitashika ngazi na kuomba. Gari lake breki tena. Maji yanakuja usiku wa manane, ndoo tunapanga kabla ya kulala, na mwenye zamu ya kuamka ni mdogo wako, ambaye anasema zamani ilikuwa kazi yako na anadai deni. Ada ya shule ya mtoto wa mwisho nimelipa nusu. Makala ya kupikia yamepanda bei. Mjomba wako alikwama na lori mpakani Kasumbalesa, ametoka, ameleta mahindi mabichi na malalamiko. Yule jirani wa lupango la nyuma amesogeza tena nguzo zake usiku, safari hii nimepiga picha.

Shangazi wa upande wa baba yako amefiwa na mkwe wake, piga simu leo au kesho, usiandike, piga. Usimwambie habari za mechi, atakuombea upone haraka, na mimi haraka siitaki.

Kuna mtu anakuja Kinshasa kwa ndege Jumatano, atapitia kwa mama mdogo wako. Mizigo ni miwili. Mfuko mweupe ni wako: unga kidogo wa bukari ya kwetu, chikanda, na kaptura mbili nilizoshona, lastiki nimeiacha pana kwa sababu kine atataka kushika paja. Mfuko wa bluu una finkubala, wale viwavi wa kula, ni za mama mdogo wako. Usiufungue. Mwenye mzigo amelipwa, akidai tena mwambie anipigie.

Andika jibu umpe huyo huyo anaporudi Jumamosi. Nataka ndiyo au hapana juu ya ule mwendo wa alfajiri, na namba aliyotaja kine.

Mama yako