Barua kwa mwanangu: ripoti ya ile Datsun nimeisoma

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba baba. Ripoti ya ukaguzi wa ile Datsun 240Z unayotaka kununua nayo imefika. Nimeitoa kwenye karatasi hapa stesheneri ya Ilala, maana macho yangu na maandishi ya simu hayapatani tena. Umeniuliza, "Mama, ninunue?" Nakujibu bado. Na hiyo pesa ya kushikia gari ambayo dalali anakuharakisha uitume, isitoke Dodoma kwanza.

Aliyekagua hajadanganya, hilo nikuondolee. Nimezeekea kwenye bima nikikadiria magari yaliyogongwa, ripoti ya kupikwa naitambua kabla sijafika ukurasa wa pili. Huyu ameandika alichokiona. Tatizo ni kwamba hakujiuliza alichokiona kina maana gani, na pale alipotakiwa kuchungulia hakuchungulia.

Hebu rudi ukurasa wa kwanza kabisa, ile sehemu ya namba ambayo watu huiruka wakimbilie kwenye injini. Namba ya chesisi inaanza na HLS30. Hiyo L inasimamia usukani wa kushoto. 240Z za kuuzwa nje zilizotoka kiwandani na usukani wa kulia zilipewa HS30, L haimo. Sasa fungua picha ya ndani: usukani uko kulia. Halafu kuza picha ya dashibodi, utaona saa ya mwendo imeandikwa MPH, wakati mkaguzi ameandika "kilomita 48,000". Hizo ni maili, baba. Kwa kilomita ni kama 77,000, kama saa yenyewe haijawahi kuzunguka ikaanza upya, na kwa gari la miaka ya sabini mwanzoni mimi saa siiamini hata kidogo.

Kwa hiyo kuna mawili. Huenda ni gari lililouzwa Marekani, likahamishwa usukani baadaye. Hilo si kosa, lakini ni kazi ya kukata na kuchomelea kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, na ubora wake unategemea mkono wa aliyefanya. Au namba ni ya gari moja na bodi ni ya gari jingine. Hilo ni kosa, tena kubwa, na siku ya kwenda TRA, mamlaka ya kodi, kubadilisha umiliki utakayesimama dirishani ni wewe, dalali hatakuwepo. Namba hiyo imegongwa kwenye ukuta huohuo, na ndani ya boneti kuna kibati cha kiwanda chenye namba ya gari pamoja na namba ya injini. Namba ya injini imegongwa pia kwenye bloku yenyewe. Zote zioane, zioane na kadi ya gari, na pembeni ya ile iliyogongwa kusiwe na alama ya kuchomelea. Mkaguzi amepiga picha kibati tu. Hata kama yote ni halali, bei unayotajiwa ni ya gari lililozaliwa na usukani wa kulia, na hayo yalitengenezwa machache kuliko ya Marekani. Hapo una pa kuanzia kuomba punguzo.

Injini naona ndiyo iliyokunyima usingizi, kumbe ndiyo inayonisumbua kidogo. Kwenye kipimo cha mgandamizo, silinda zote zinasoma kati ya 165 na 172, isipokuwa silinda namba tano inayosoma 138. Ni pengo la karibu asilimia 20, na mafundi wengi huanza kukunja uso likipita 10 au 15. Lakini hakuandika kama alipima injini ikiwa ya moto, wala kama alifungua plagi zote sita na kukanyaga mafuta mpaka chini. Bila hayo namba hazina uzito. Arudie. Halafu amwagie oili kidogo kwenye silinda namba tano apime tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka; kikibaki palepale, tazama valvu. Na valvu za L24, yaani injini ya 240Z, nafasi yake inarekebishwa kwa mkono, iliyobana kidogo tu inatosha kushusha kipimo namna hiyo. Hata ikifika kufungua silinda hedi, ile ni injini ya silinda sita za mstari na kabureta mbili, haina kompyuta ya kumtisha mtu. Mtaa wa Gerezani, kwenye magereji, kuna wazee wataifungua huku wanapiga soga. Vipuri ndivyo vya kuagiza.

Kilichonifanya nivue miwani ni ukurasa wa sita. "Chini: hali nzuri, imepakwa dawa nyeusi ya kutu hivi karibuni." Basi. Mstari mmoja, baada ya kurasa mbili za rangi na viti!

Hivi karibuni kwa nini? Gari limekaa Msasani, upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini kwa watu, sembuse uvunguni mwa gari. Na 240Z haina chesisi ya peke yake kama Land Rover za zamani, ambazo bodi unaweza kuinyanyua ukaiweka pembeni. Bodi ndiyo chesisi. Ile mihimili miwili ya bati inayopita chini ya sakafu ikioza, kinachokuja kukusumbua ni milango kukataa kufunga na magurudumu kwenda upande. Rangi nyeusi mpya ndiyo kitu cha kwanza anachonunua mtu anayetaka usiione. Mkaguzi angechukua kishikio cha bisibisi agonge taratibu: bati zima linalia, bovu linajibu kama maboksi. Angenyanyua kapeti. Angetoa betri aangalie chini yake, kwa sababu asidi hudondoka hapo miaka yote na kushuka mpaka kwenye bati la chini. Angeangalia chini ya kioo cha mbele, majani yanakoziba njia ya maji ya mvua, na nyuma kwenye shimo la tairi la akiba. Sumaku ndani ya kitambaa ipite kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Ikikataa kushika, hapo ni puti ya kuzibia, si bati. Na gari likiwa kwenye jeki, fungua mlango ufunge. Ukianza kukwama wakati chini ulikuwa unafunga vizuri, bodi inajikunja, na mimi sitaki kusikia zaidi.

Ile stika ya usalama barabarani, Nenda kwa Usalama, uliyoipigia picha kwa furaha haisemi lolote kuhusu hayo.

Najua nani kakuroga. Babu yako hakuchoka kusimulia mbio za magari za Safari, walivyoshinda Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, wote na 240Z. Dalali naye anajua, ndiyo maana tangazo lake limeitaja Safari mara mbili. Ushindi ule haumo ndani ya mabati ya gari hili, usiulipie.

Kingine, mkaguzi aliletwa na dalali. Simtuhumu. Ila swali alilopewa lilikuwa "gari linatembea?" na amelijibu vizuri: limetembea, dakika kumi, Masaki, asubuhi, barabara tambarare, na aliposhika ufunguo injini ilikuwa tayari ya moto. Moshi wa bluu wa kuwasha asubuhi hakuuona. Mshale wa joto kwenye foleni ya Ubungo jioni hakuuona pia, wala kilima cha kwenda Kisarawe.

Sasa fanya hivi. Leo mwombe mwenye gari picha ya kadi, pande zote mbili, na picha ya namba iliyogongwa, siyo ya kibati. Jumamosi nitakwenda na fundi wa bodi, mtu wangu wa siku za bima, asiyemjua dalali wala hataki kumjua. Posho yake utamlipa wewe, nitumie kabla ya Ijumaa pamoja na ya Bajaji, maana siendeshi mpaka Msasani kwa foleni ile. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Akikataa lisinyanyuliwe jeki, nitakupigia nikiwa getini kwake, na tutafute jingine.

Mke wako mwambie zile karanga zimefika, ila mfuko ulipasuka ndani ya basi, nusu wamekula abiria.

Mama yako