Barua ya Wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Mwaka Mmoja Mliopewa na Mahakama Umefika Minane

Kahama, 24 Oktoba 2024

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

Yah: Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, Sura ya 29

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba usome barua hii hadi mwisho, kwa kuwa jambo lenyewe unalifahamu kuliko mimi. Jana ilitimia miaka mitano tangu Mahakama ya Rufani ilipoitupa rufaa ya Serikali katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyevipinga mahakamani vifungu hivi vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Sikusikia kiongozi yeyote akiikumbuka siku hiyo. Mimi niliipitisha nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi moja ya umma, nikiambiwa kwa upole kwamba ndoa ya binti wa miaka 15 ni halali na kwamba nisiwasumbue watu wazima.

Binti huyo alifanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita na matokeo bado hayajatangazwa. Angekuwa kidato cha kwanza, anayemwoa angekabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Lakini huku kwetu wazazi wameshajua kwamba kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza kuna miezi michache ambayo mtoto hahesabiwi kuwa mwanafunzi wa popote, na ndiyo miezi ya kupokea ng'ombe. Niliwekewa mezani ridhaa ya baba: karatasi ya daftari iliyochanwa, dole gumba la wino wa bluu, na muhuri uliogongwa juu ya dole hilo. Mama yake, ambaye ndiye aliyenifuata nyumbani usiku akilia, hakuulizwa na mtu. Wala sheria haikumtaka yeyote amuulize, kwa sababu kifungu cha 17 kinataka ridhaa ya baba, na mama hupewa nafasi hiyo baba akiwa amefariki.

Mheshimiwa, mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na huenda wanasheria wako wakanisahihisha. Ninachokijua ni hiki. Tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu, katika shauri Na. 5 la mwaka huo, ilitamka kwamba vifungu hivi viwili, vinavyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, huku mvulana akisubiri hadi 18, vinakiuka Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Badala ya kuleta muswada, Serikali ilikata rufaa na kudai, pamoja na mengine, kwamba tofauti hiyo ya umri inamlinda msichana. Inamlinda dhidi ya nini, Mheshimiwa? Tarehe 23 Oktoba 2019 majaji wa rufani walikataa hoja zote, na juu ya hapo nchi hii haina mahakama nyingine ya kukimbilia.

Sasa nifungue Katiba yenyewe, ambayo jina lake limo katika jina la wizara yako. Ibara ya 30(5) inasema kwamba mahakama ikiipa Serikali muda wa kurekebisha sheria, sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au hadi muda huo utakapokwisha, na kati ya hayo mawili, muda mfupi zaidi ndio unaozingatiwa. Mwaka ule, ukihesabiwa tangu hukumu ya kwanza, uliisha Julai 2017. Tukiwafanyia hisani tukauhesabu upya tangu hukumu ya rufaa, uliisha Oktoba 2020. Wachambuzi wa sheria wanabishana iwapo vifungu hivyo vilijifia vyenyewe siku hiyo au vinangoja mkono wa Bunge. Wanaweza kuendelea kubishana. Maofisa wa huku walishaamua kwamba viko hai, kwa kuwa vimo kitabuni na hakuna barua yoyote kutoka juu inayosema vinginevyo.

Madhara yake hayaishii kwenye ndoa. Kanuni ya Adhabu inasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama ameridhia, isipokuwa awe mke aliyetimiza miaka 15. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto. Kwa hiyo karatasi ile ya daftari ndiyo inayobadilisha kosa la miaka 30 jela kuwa harusi.

Tumekuwa tukiambiwa kwamba maoni ya wadau bado yanakusanywa. Sina kinyongo na wadau, lakini Katiba haikusema hukumu ya mahakama itapigiwa kura na wadau. Na muda wa kutunga sheria haukukosekana. Julai 2017, mwezi uleule ambao mwaka wenu ulikuwa unakwisha, Bunge lilipitisha kwa hati ya dharura sheria tatu za madini na maliasili, na sisi tunaoishi jirani na migodi tulishangilia. Hapo ndipo nilipojua kwamba dharura ipo, ila inategemea kinachotolewa ardhini. Labda naonea, lakini nahisi hofu iko kwenye kura: mwezi ujao kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, mwakani uchaguzi mkuu, na hakuna anayetaka kuwaudhi wazee wa mila na wa dini. Wasichana wa miaka 15 hawapigi kura.

Nimechoka, Mheshimiwa. Nauli ya bodaboda natoa mfukoni mwangu, majirani wamenipachika jina la mvunja ndoa, na baba wa binti huyu amenipiga marufuku kukanyaga kwake. Yote hayo ningeyabeba kama ningekuwa na karatasi ya kuweka juu ya ile yenye dole gumba.

Nilikusudia kukuomba muswada, na bado nauomba. Lakini muswada una kamati na foleni yake, na mahari ya binti huyu inapokelewa wiki ijayo. Basi nishushe ombi. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, inayosimamia usajili wa ndoa, iko chini ya wizara yako. Toa waraka wa ukurasa mmoja, kwa wasajili wote na nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri na madawati ya jinsia ya polisi, unaosema kwamba kwa mujibu wa ibara ya 30(5) vifungu vya 13 na 17 havitumiki tena kumwoza aliye chini ya miaka 18. Najua ndoa nyingi za huku hazifiki kwa msajili, lakini polisi na ustawi wa jamii wangekuwa na cha kushika. Hauhitaji Bunge, wala wadau. Unahitaji sahihi yako, nayo iwe imetufikia kabla ya wiki ijayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Kahama, Shinyanga.