Malalamiko: Nililipia mto Gura, nikapelekwa bwawani

Nairobi,
3 Machi 2025

Kwa Meneja,
Kitengo cha Safari za Uvuvi

Bwana Meneja,

KUH: SAFARI YA UVUVI WA TRAUTI, MTO GURA NA MTO CHANIA, 14–16 FEBRUARI 2025

Hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za kwanza niliandika kwa simu, kwenye namba ileile mliyokuwa mkinijibu kufumba na kufumbua nilipokuwa sijalipa. Tiki zimegeuka buluu, jibu hakuna. Kwa hiyo leo naandika barua, na nakala yake nimebaki nayo.

Tarehe 22 Januari niliwatumia shilingi 68,000 kwa M-Pesa, malipo ya watu wawili, mimi na kijana wangu aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Tangazo lenu ninalo bado. Lilisema tutaingia Hifadhi ya Aberdare kwa lango la Kiandongoro, tulale siku mbili kwenye nyumba ya wavuvi kule kwenye nyika ya juu, tuwe na kiongozi mzoefu, na askari wa wanyamapori wa kutusindikiza kwa sababu huko juu kuna nyati na tembo. Lilisema maji ni ya porini na hatutakutana na mvuvi mwingine. Na kwa herufi kubwa mkaandika kwamba Gura ndio mto wa kwanza Kenya kutiwa trauti, mwaka 1905, kwa samaki waliotoka Scotland. Hilo la 1905 ni kweli, sina ugomvi nalo. Ndilo lililonitoa pesa mfukoni.

Lazima niwaeleze kwa nini, la sivyo mtadhani huyu ni mama mmoja tu anayelilia samaki.

Mimi nafunga flai. Kwa miaka 19 nimeketi mbele ya jiliwa dogo hapa Nairobi nikitengeneza nzi bandia wa kuvulia. Unabana ndoano namba 14, unazungusha uzi, unafunga nyuzi za manyoya ya tausi ziwe mwili, katikati unaweka mshipi wa hariri nyekundu kama ni flai ya aina iitwayo Royal Coachman, kisha mabawa meupe, kisha unyoya wa shingo ya jogoo unaouzungusha mpaka usimame kama miale. Tunalipwa kwa dazeni. Flai nyingi zinazouzwa madukani Ulaya na Marekani zimefungwa hapa kwetu, na mikono iliyozifunga kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Msimamizi akipita huokota moja, aiweke kwenye mwanga, aseme bawa limelala, samaki ataikataa. Nami huikata kwa wembe nianze upya.

Miaka 19, na sijawahi kumwona samaki akiikubali wala akiikataa.

Basi nilifunga 12 za kwangu, usiku, nyumbani: Coachman sita, na sita zile nyeusi ziitwazo Kenya Bug. Nikaziweka kwenye kikopo cha peremende. Nilitaka kuona kitu kimoja tu, nacho ni jinsi flai yangu inavyosafiri juu ya maji yanayokwenda, na trauti wa kahawia, mwenye madoa mekundu, anapoifikiria. Nilikuwa tayari kurudi bila samaki. Hilo niliwaambia kwa simu kabla ya kulipa, na msichana wenu wa ofisini alicheka vizuri akasema, "Utawapata, mama."

Gari lililopaswa kufika saa kumi na moja alfajiri lilifika saa mbili na nusu. Tuliache hilo. Tulipofika Nyeri, dereva alipokea simu, akashuka, akarudi uso umebadilika. Akasema ofisi imemwambia mvua imeharibu barabara ya juu, matope matupu, haipitiki. Februari, Bwana Meneja. Nyeri yenyewe ilikuwa inatimua vumbi. Hotelini, meza ya pili, walikuwa wanaume wawili wanakunywa chai, na kwa mazungumzo yao nikajua wameshuka kutoka Kiandongoro asubuhi ileile. Nikawauliza kuhusu matope. Mmoja alijipangusa begani, vumbi likaruka, wakacheka wote wawili.

Kisha tukapelekwa bwawani.

Nataka mlione bwawa hilo kama nilivyoliona mimi, maana sidhani kama mmewahi kufika. Ni mabwawa matatu ya saruji yaliyopangwa kama ngazi, maji yakiletwa kwa mfereji kutoka mtoni. Pembeni kuna mizani ya kuning'iniza, kama ile ya buchani. Kuna ubao: ukivua, umenunua, shilingi 1,500 kwa kilo, kurudisha samaki majini hairuhusiwi. Kijana wa hapo alikuja na ndoo ya chakula cha samaki, vidonge vya rangi ya udongo, akarusha gao moja. Maji yakatokota kama sufuria ya githeri. Akaturudia akasema, "Sasa rusheni, kabla hawajashiba."

Nikafunga Coachman yangu. Nilirusha vibaya, ikaanguka na uzi wote kama mtu aliyejikwaa, na kabla sijanyanyua mkono ilikwisha mezwa. Mwanangu akarusha Kenya Bug, ikamezwa. Mteja mwingine aliyekuwa upande wa pili alitupa kipisi cha sigara, nacho kikamezwa, kikatemwa. Samaki yule niliyemtoa hakuwa wa kahawia. Alikuwa trauti wa upinde wa mvua, ana mstari wa waridi ubavuni, na pezi la mkia limechakaa kama ufagio wa zamani kwa kujisugua kwenye saruji. Sina neno na samaki wa kufugwa, nimewala na ni watamu. Lakini samaki anayemeza sigara hawezi kuniambia kama bawa langu limelala.

Tulitoa watatu ndipo tukaacha. Kilo moja na gramu mia tisa. Nililipa shilingi 2,850 kutoka mfukoni mwangu, kwa sababu dereva alisema hakupewa pesa za kitu hicho.

Kuhusu vifaa, nitasema kwa kifupi ingawa hapa ndipo nilipoona aibu kwa niaba yenu. Fimbo mliyotupa ni ya namba 8, mshipi uliokuwa kwenye rili ni wa namba 5. Hata mimi ambaye sijawahi kuvua najua hivyo viwili havioani. Mshipi mwepesi haupindi fimbo nzito, na fimbo isipopinda hairushi kitu. Ndani ya kisanduku chenu cha flai mlikuwa na flai tisa, ndoano zimeshika kutu, manyoya yameliwa na wadudu. Katika nchi inayofungia dunia flai! Mngeniuliza, ningewauzia mbili dazeni kwa bei ya kiwandani.

Na kiongozi mzoefu? Nilimuuliza dereva. Akajibu kwa upole, "Mama, mimi ni dereva. Jana jioni ndiyo niliambiwa niwalete." Tafadhali msimguse kijana huyo. Ndiye mtu pekee katika kampuni yenu aliyetutendea haki.

Maana Jumamosi, mlipotaka turudishwe bwawani, nilikataa, naye kwa hiari yake akatuendesha mpaka karibu na lango la Kiandongoro ili tujionee. Barabara ilikuwa kavu. Nikatembea mpaka langoni nikamuuliza askari, akasema wiki nzima magari yamekuwa yakipanda. Nikamwomba atazame kama kuna nafasi iliyolipiwa kwa majina yetu, ya kuingia au ya kuvua. Hakuna. Tulipokuwa tunageuza gari ndipo dereva akasema lile ambalo ofisi yenu haikutaka kulisema: gari mlilotupa halivuti magurudumu yote manne, na lile linaloweza kupanda kule mlikuwa mmelipeleka kwa wageni wengine Naivasha. Hapakuwa na mvua. Palikuwa na gari moja na wateja wawili, na mteja mmoja mkaona atakubali bwawa.

Nilipopiga simu kutoka hapohapo, aliyepokea aliniambia, "Samaki ni samaki, mama." Usiku zote mbili tulilala mjini, kwenye gesti iliyo juu ya stendi ya matatu, tukiamshwa na makanga wakiita Karatina.

Sasa nadai, na nimepiga hesabu kwa bei zenu wenyewe mlizonitumia. Usafiri mliutoza 15,000. Sidai hata senti hapo, petroli iliungua kweli. Malazi mliyatoza 18,000. Bei ya gesti niliiona imebandikwa ukutani, 1,800 kwa chumba kwa usiku, vyumba viwili usiku mbili ni 7,200, hiyo nawaachia. Kiongozi na askari, 14,000, ambao hawakuwepo. Vifaa, 12,000, nimeshasema. Ada za hifadhi na leseni za uvuvi, 9,000. Hapa naomba zaidi ya pesa: nionyesheni risiti. Kama hakuna risiti, basi mlinitoza ada ya serikali ambayo serikali haikuiona, na hilo sitalimaliza na ninyi peke yenu. Ukijumlisha na zile 2,850 za mizani, mnanidai sifuri, nami nawadai shilingi 48,650.

Mkataba wenu unasema mnaweza kubadili njia "kutokana na hali ya hewa". Hali ya hewa ilikuwa jua. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa, ya kuambiwa ukweli kuhusu anachonunua, na ya kufidiwa anapopata hasara, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea barua hii. Zikipita, nakala itakwenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mimi nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu husimama bila wakili. Saa za kazi yangu nitaomba ruhusa. Msimamizi ameshajua habari yote, na amekasirika kuliko mimi.

Msinipe vocha. Msinialike safari nyingine "ya kufuta machozi" kama alivyopendekeza mtu wenu, nikikubali nitapelekwa bwawa jingine. Flai zangu kumi bado zimo kwenye kikopo, na nitakwenda Gura na mtu mwingine mwezi Agosti mwanangu akiwa bado nyumbani.

Pesa zitumwe kwenye namba ileile iliyowalipa. Mnayo.

Mteja wenu wa 14 Februari,
nafasi mbili