"Mtoto wa kuona" huenda hasikii vizuri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu mtindo unaozidi kuenea shuleni na majumbani. Mtoto hupewa dodoso fupi, majibu yake hujumlishwa, kisha hutangazwa kuwa ni "wa kuona", "wa kusikia" au "wa kutenda". Kuanzia siku hiyo mmoja hununuliwa picha, mwingine huimbiwa kila somo, na wa tatu hupewa vitu vya kushika. Nia ni njema, lakini mara nyingi lebo hiyo hufunika kile hasa kinachomsumbua mtoto.

Dodoso lililosambaa zaidi lilitokana na kazi ya Neil Fleming wa New Zealand, mwaka 1992. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walipitia tafiti zilizokuwapo na kuuliza swali moja: je, kumfundisha mtu kwa "mtindo" wake wa kujifunza, yaani kuona, kusikia au kutenda, humfanya ajifunze zaidi? Ili kulijibu inabidi wanafunzi wagawanywe kwa mitindo yao, kila kundi lipasuliwe kwa kura, nusu lifundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani uleule. Tafiti zilizotimiza masharti hayo zilikuwa chache mno, na miongoni mwake zipo zilizopinga dhana yenyewe waziwazi. Wengi humtaja pia mwanasaikolojia Howard Gardner na nadharia yake ya akili nyingi ya mwaka 1983, isemayo kuwa mtu ana aina kadhaa za akili, si moja tu, ingawa yeye mwenyewe ameshaeleza kuwa nadharia hiyo haihusu mitindo ya kujifunza.

Kwamba watoto hawafanani, hilo halina ubishi. Ila hutofautiana katika mambo yanayopimika: wanachokijua tayari, wanayoweza kushika kichwani kwa wakati mmoja, macho, masikio na kasi ya kusoma.

Mchukueni mtoto anayeitwa "wa kusikia" kwa sababu huelewa hadithi akisimuliwa na huchoka akipewa kitabu. Msomeeni kifungu cha maneno kama 60, mwulizeni maswali manne. Kisha mpeni kifungu kingine cha ugumu uleule asome mwenyewe, naye aulizwe manne. Akijibu vizuri cha kwanza na kushindwa cha pili, kikwazo kiko katika kusoma kwenyewe: pengine hajazishika silabi zinazoanza kwa herufi mbili au tatu za konsonanti, kama mbw, ndw na ng', au macho yanamsumbua. Ukiendelea kumsomea kila kitu kwa sababu "ndivyo alivyo", unamnyima mazoezi anayoyahitaji kuliko wenzake. Kuhusu macho, angalieni anakosea wapi. Anayenakili vibaya kutoka ubaoni lakini vizuri kutoka daftarini huenda haoni mbali. Anayeona ubao vizuri lakini akiinamia kitabu anaumwa kichwa au anasugua macho huenda ana shida ya kuona karibu. Wote wawili wapelekwe kupimwa.

Sasa yule "wa kuona", anayekodolea mdomo wa mwalimu na kusubiri wenzake waanze ndipo naye aanze. Simama nyuma yake, umbali wa mkono ulionyooshwa, asione midomo yako. Mzibe sikio moja kwa kidole, toa pumzi nje, kisha nong'ona mchanganyiko wa tarakimu na herufi, mathalani 4-K-2, naye arudie. Akikosea, mpe mchanganyiko mwingine, nao wa vitu vitatu. Asipofikisha tatu sahihi kati ya sita, masikio yapimwe na mtaalamu. Rudia kwa sikio la pili. Baada ya mafua, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio, na usikivu ukapanda na kushuka. Ndiyo maana mtoto huyo husikia Jumatatu, lakini Alhamisi asiposikia huitwa mkaidi.

"Wa kutenda" naye mara nyingi ni mtoto anayepotea katikati ya maagizo. Ukimwambia "toa daftari, andika tarehe, fungua ukurasa wa 32, fanya swali la tatu", atatoa daftari na kusimama hapo. Mpe agizo moja au mawili, mwambie ayarudie kwa maneno yake, na mengine yaandike ubaoni.

Njia ya kufundishia iamuliwe na somo. Ramani haisikilizwi, matamshi hayatazamwi, na fundo la kamba halijifunzwi kwa mdomo. Tuchukue 52 kutoa 27. Mtoto akiandika 35, ametoa 2 kutoka 7 kwa kuwa 2 ni ndogo, na bado hajaelewa makumi na mamoja. Hapo wimbo hautamsaidia, wala picha ya kupendeza. Mpe mafungu matano ya vijiti kumi na vijiti viwili. Afungue fungu moja: sasa ana mafungu manne na vijiti 12. Aondoe mafungu mawili na vijiti saba, zibaki 25. Kosa la walimu wengi ni kuacha vijiti viishie kuwa mchezo: kila fungu linapofunguliwa, tarakimu ziandikwe papo hapo, 5 ikatwe iwe 4, na 2 iwe 12. Siku chache baadaye achore vijiti badala ya kuvishika, halafu abaki na tarakimu tupu. Darasa zima lipite njia hiyo. Watakaotofautiana ni katika siku watakazokaa kila hatua.

Na wote waulizwe daftari likiwa limefungwa: maswali matano siku ileile, matano baada ya siku mbili, matano baada ya wiki. Kusoma tena na tena humpa mtoto hisia kwamba anajua, na kwa jaribio la dakika tano baadaye kweli husaidia. Baada ya wiki, aliyekuwa akijiuliza na kujijibu ndiye hukumbuka zaidi.

Shule zenye fomu ya maendeleo iliyo na kisanduku cha "mtindo wa kujifunza" zingekifuta na kuweka mistari mitatu: tarehe ya mwisho ya kupimwa macho na masikio, kosa analolirudia kwa sasa, na hatua aliyofikia katika somo hilo.

Ni sisi,
Walimu wa madarasa ya mwanzo